Kabla ya Kuuliza Bei, Uliza Tundu

SAFU YA KARAKANA
Na Idrisa Mkumbwa

Wasomaji wenye karakana uani huniuliza sana swali hili: mashine ndogo ya kukereza chuma, ya bei nafuu, ninunue ipi? Nafurahi kwamba linaulizwa. Kwa muda mrefu fundi wa mtaani akishapata grenda, drili na mashine ya kuchomelea alijiona amekamilika. Bushi, pini na shafti alizibeba hadi kwa wakerezaji wa Gerezani, Dar es Salaam, akasubiri zamu yake, na sehemu nono ya malipo ya mteja ikabaki hukohuko. Anayekereza mwenyewe anabaki na fedha hiyo, tena anajua kipuri kimetoka na kipimo gani. Lakini anayeanza kuchagua kwa bei huishia na mashine isiyoweza kazi zinazoingia mlangoni kwake.

Chukua kazi ya kawaida kabisa. Mteja analeta shafti ya mashine ya kupukuchua mahindi, imelika pale inapokaa beringi namba 6205. Tundu la beringi hiyo ni 25 mm. Unajaza palipolika kwa kuchomelea, kisha unakereza mpaka beringi ipande kwa kugongwa kidogo tu. Ukipitiliza kwa 0.02 mm, beringi itaanza kuzunguka juu ya shafti, na mteja atarudi na lawama.

Sasa tazama mashine ndogo za mezani zinazotoka China, zinazouzwa kwa majina na rangi nyingi ingawa umbo lake ni lilelile. Tangazo litakuambia inazungusha kipande chenye kipenyo cha 180 mm, na urefu kati ya ncha mbili ni 300 au 350 mm. Watu husoma 180 wakaridhika. Kwanza, 180 hiyo ni juu ya kitanda. Juu ya kibebea kisu unabaki na kama 110 mm. Pili, na hili ndilo linalowaumiza wengi, tundu la shafti kuu inayozungusha chaki ni 20 mm. Shafti yako ya 25 mm haipiti humo. Lazima ikae nzima kati ya chaki na mkia wa mashine, na ikiwa na urefu wa nusu mita haitakaa. Fedha imekwenda, na kazi bado inapelekwa Gerezani.

Sisemi mashine hizo ni mbaya. Kwa bushi za shaba na nailoni, pini fupi, vipuri vya cherehani na kazi za alumini zinatosha vizuri, na mtu mmoja au wawili wanaiinua, kwa kuwa uzito wake ni kama kilo 40. Ila wepesi huo una gharama yake: kwenye chuma kigumu ukizidisha mlo wa kisu, mashine inatetemeka na uso wa kazi unatoka na mawimbi. Ukiamua kuichukua, tafuta yenye mota isiyo na brashi inayovuta kwa mkanda. Zile za zamani zina gia za plastiki ndani ya kichwa, na kisu kikikwama meno yake hunyofoka. Umeme wetu ukipanda na kushuka huchosha pia kadi ya kudhibiti mwendo, kwa hiyo agiza ya akiba papo hapo.

Hatua moja juu yake zipo za kipenyo cha 210 mm na urefu wa 400 mm. Baadhi zina tundu la 38 mm, nyingine ni 20 ileile, basi soma kwa makini. Hiyo ya 38 ndiyo ningemshauri mtu mwenye kazi za pampu na mashine za shambani.

Kuna wanaopenda vyuma vya zamani vya Uingereza, kama Myford ML7 iliyotengenezwa Beeston, karibu na Nottingham, tangu miaka ya 1940, au Boxford zilizotumika kufundishia wanafunzi mashuleni. Ni mashine za heshima, nami nazipenda. Lakini ML7 nayo ina tundu dogo. Nyingi za zamani zina skrubu ndefu ya inchi, na boliti zetu ni za milimita. Ili uchonge uzi wa milimita ulio sawasawa unahitaji gia ya meno 127, kwa sababu inchi 5 ni milimita 127 kamili. Uliza kama gia hiyo ipo na uishike mkononi kabla ya kutoa hela. Soma pia kibao cha mota. Mashine za mashuleni mara nyingi ni za fezi tatu. Kikiandikwa 230/400, unaweza kuiendesha kwa umeme wa nyumbani ukiweka kidhibiti mwendo cha kubadili fezi moja kuwa tatu. Kikiandikwa 400 tu, jiandae kubadili mota.

Ya mtumba usiinunue kwa macho. Sogeza gari la kisu hadi karibu na chaki, kaza skrubu zake mpaka mchezo uishe, kisha lipeleke polepole upande wa mkia. Likianza kukaza hadi kukwama, ujue kitanda kimelika karibu na chaki, mahali kazi nyingi hufanyika. Rangi mpya haiponyi hilo. Halafu funga chuma cha 25 mm, kitokeze 100 mm, kereza kwa mlo mwembamba na upime ncha zote mbili kwa maikromita uone kama zinalingana.

Bajeti yako usiimalizie kwenye mashine. Tenga walau theluthi moja kwa visu, chaki ya meno manne, maikromita, saa ya kupimia na grenda ya kunolea. Karakana isiyo na maikromita inakisia tu. Na tafadhali, glovu zivuliwe kabla ya kuwasha: kerezo likishika kitambaa linavuta na mkono.

Vijana waliosoma ufundi mitambo VETA, undeni kikundi mkaombe mikopo ya asilimia 10 ya halmashauri kwa ajili ya mashine moja nzuri badala ya tatu dhaifu. Nanyi maofisa mnaopitia maombi hayo, msiwakatie fedha za visu na vipimo mkidhani ni mapambo. Bila hivyo mashine haifanyi kazi hata siku moja.