Tupime Kwanza, Tung'arishe Baadaye

Tangu Eldoret ipandishwe hadhi kuwa jiji mwezi Agosti 2024, mazungumzo ya biashara yamekuwa ya majengo, barabara na bei ya ploti. Kuna kazi moja ambayo haijapata wa kuisemea: kuondoa mikwaruzo na kurudisha mng'ao wa rangi ya magari, hasa yale ya zamani ambayo wenyewe hawako tayari kuyauza kwa bei yoyote. Wengi huichukulia kuwa ni uoshaji wa magari uliopandishwa bei. Mimi naiona tofauti. Rangi iliyotoka kiwandani na kudumu kwenye gari kwa miaka hamsini ikishaondoka haina wa kuirudisha, hata awe fundi hodari namna gani. Kwa hiyo fundi anayeigusa asipimwe kwa mng'ao anaouacha, bali kwa rangi anayoibakiza. Jiji hili likilielewa hilo mapema litajijengea ufundi wa heshima. Lisipolielewa, tutayang'arisha magari hayo mpaka tuone bati.

Tuanze na magari yenyewe, maana kuna wanaodhani kwamba gari la kale ni habari ya mabwanyenye wa Ulaya na Marekani. Uasin Gishu ni nchi ya ngano na mahindi, na Land Rover za Series, ambazo Waingereza walianza kuziunda mwaka 1948, zilifaa mno kwa kazi za mashamba ya aina hiyo. Peugeot 404 ilishinda Safari Rally mwaka 1963, kisha ikarudia mwaka 1966, 1967 na 1968. Ndugu yake, 504, ilishinda mwaka 1975 na 1978, na zaidi ya hapo iliunganishwa humu humu Kenya, kiasi cha magari 27,000. Hiyo ndiyo iliyobeba abiria wa masafa marefu kati ya Nairobi, Nakuru na Eldoret hata usafiri wenyewe ukaitwa "Peugeot". Joginder Singh alishinda Safari ya mwaka 1965 kwa Volvo PV544, na Datsun 240Z ikatia fora mwaka 1971 na 1973. Njia za mashindano ya enzi hizo zilishuka Bonde la Kerio na kupanda milima ya Cherang'any. Magari haya ni sehemu ya historia ya watu wa huku, na idadi yake haiongezeki. Kanuni za Kenya kwa kawaida haziruhusu kuingiza gari lililotumika ambalo limezidi umri wa miaka minane, kwa hiyo zile 404 na 504 zilizobaki kwenye vibanda vya mashambani ndizo hizo hizo. Kila moja inayoharibiwa inapunguza hesabu.

Sasa tuitazame rangi. Katika gari la kisasa, rangi yote ya kiwandani kuanzia bati hadi juu huwa na unene wa maikroni 100 hadi 150 hivi, ilhali unywele mmoja wa binadamu una maikroni kama 70. Ndani ya unene huo, laka ya juu isiyo na rangi, ambayo ndiyo inayong'aa na kuzuia jua lisiifikie rangi ya chini, ni maikroni 40 hivi tu. Magari mengi ya kabla ya miaka ya 1980 hata laka hiyo hayana. Rangi ni ile ile toka chini hadi juu, ndiyo maana ukilisugua gari jekundu la wakati huo kitambaa hutoka chekundu. Mwenye gari akiona boneti limepauka na kujaa mikwaruzo midogo ya mviringo, hudhani dawa ya kopo itaiziba. Haizibi. Polishi ni unga laini wa kukwangua. Mkwaruzo hupotea kwa sababu uso wote umeshushwa hadi ulipoishia mkwaruzo. Ni kama kisu na kinoo: kila kinaponolewa hukata vizuri, na kila kinaponolewa hupungua. Gari linaweza kuvumilia kazi hiyo mara chache katika maisha yake yote. Likipelekwa kwa mashine kila mwaka kabla ya Krismasi, halitafika mbali.

Hapa kwetu hatari ni kubwa kuliko kwingi. Eldoret iko mita 2,100 hivi juu ya usawa wa bahari, na ni karibu nusu digrii tu kaskazini mwa ikweta. Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba mionzi ya urujuanimno huongezeka kwa takriban asilimia 10 kila unapopanda mita 1,000. Maana yake ni kwamba gari linaloegeshwa nje mjini Eldoret hupigwa na mionzi mikali zaidi kuliko lile la Mombasa, hata kama la Mombasa lina chumvi yake ya kupambana nayo. Mionzi hiyo ndiyo inayoigeuza rangi ya zamani kuwa ungaunga mweupe, na ndiyo inayoichambua laka ya magari mapya. Vikinga-jua vilivyomo kwenye laka hiyo huwa vingi upande wa juu, yaani pale pale ambapo mashine ya polishi huanza kula. Ongeza vumbi la murram wakati wa kiangazi, kisha kitambaa kimoja kilichokwisha kufuta magari kumi kando ya mto Sosiani, na sabuni ya unga inayoondoa nta yote iliyokuwapo. Mikwaruzo inayolipiwa pesa kuondolewa mwishoni mwa mwaka mingi yake ilitiwa na uoshaji wa Januari hadi Novemba.

Fundi anayeijua kazi hii huonekana kwa mambo anayoyafanya kabla mashine haijawashwa. Huliosha gari kwa ndoo mbili, moja ya maji ya sabuni na moja ya kusuuzia sifongo, ili mchanga usirudishwe kwenye bodi. Kisha huchukua kipimo cha unene wa rangi na kupita nacho kila kipande: boneti, paa, madigadi, milango, buti. Akisoma maikroni 110 kwenye mlango wa kushoto na 400 kwenye wa kulia, anajua kwamba wa kulia uliwahi kujazwa puti na kupakwa upya, na kwamba milango hiyo miwili haitafanyiwa kazi sawa. Akiwa na Land Rover ya Series mbele yake, kipimo rahisi cha sumaku hakitamsaidia, kwa kuwa sehemu kubwa ya bodi ni alumini. Anahitaji kipimo kinachosoma madini yasiyovutwa na sumaku. Hubandika utepe kwenye kingo na mikunjo ya bodi, kwa sababu huko rangi huwa nyembamba kuliko kwingine. Halafu hujaribu sehemu ndogo, upana wa nusu mita hivi, akianza na sifongo laini kabisa na polishi hafifu kabisa. Ikitosha, anaishia hapo. Isipotosha, anapanda ngazi moja. Na ukibaki mkwaruzo mrefu ambao hauondoki ila kwa kuhatarisha rangi, huuacha na kumweleza mwenye gari sababu. Kitendo hicho cha kuuacha ndicho kinachomtenganisha fundi na mpiga polishi.

Wapenzi wa magari ya kale duniani wameshafika kwenye uamuzi huu. FIVA, shirikisho la kimataifa la magari ya kihistoria lililoundwa mwaka 1966, lina mwongozo uitwao Mkataba wa Turin, ulioidhinishwa mwaka 2013. Mkataba huo unataka vitu vya asili vya gari vihifadhiwe kwanza, na ukarabati wa kulifanya lionekane jipya uje pale tu panapokuwa na sababu. Kwa shirikisho hilo gari huwa la kihistoria likitimiza angalau miaka 30, likitunzwa katika hali sahihi kihistoria, na likiwa halitumiki kwa usafiri wa kila siku. Mantiki yake ni nyepesi. Rangi ya kwanza ni ushahidi: inaonyesha kiwanda kilitumia rangi gani, wapi mkono wa mfanyakazi ulipita haraka, gari lilisimama juani upande gani. Rangi mpya, hata iwe nzuri vipi, inatueleza tu habari za fundi wa juzi.

Pingamizi la kwanza litatoka kwa wapenzi wa magari wenyewe. Watasema kwamba gari chakavu halishindi popote. Concours d'Elegance ya Nairobi, inayoandaliwa na chama cha wenye magari ya Alfa Romeo tangu mwaka 1970, ni mashindano ya unadhifu, na majaji hukagua bodi, injini, ndani na hata chini ya gari. Ni kweli, na mashindano hayo yamefanya kazi kubwa ya kuwafundisha Wakenya kulithamini gari kuukuu badala ya kulipeleka kwenye chuma chakavu. Lakini unadhifu na upya ni mambo mawili. Gari linaweza kuwa safi bila doa la mafuta huku rangi yake ikionyesha umri wake. Mashindano makubwa ya ng'ambo, kama yale ya Pebble Beach kule Marekani, yametenga kundi la magari yaliyohifadhiwa bila kukarabatiwa, na hakuna linalowazuia waandaaji wetu kulipa kundi kama hilo tuzo ya kuvutia. Zawadi ikibadilika, tabia itabadilika. Leo, mtu mwenye 404 ya rangi ya asili ana sababu ya kuipeleka ikapakwe upya kabla ya mashindano ya Septemba. Kesho awe na sababu ya kuiacha.

Pingamizi la pili ni zito zaidi: kutu. Rangi iliyokonda haikingi bati, na bati likianza kuliwa, kuzungumzia ushahidi wa kihistoria ni kumpigia mbuzi gitaa. Nakubali kabisa kwamba sehemu iliyoliwa na kutu lazima ikatwe, iungwe na ipakwe. Nisichokubali ni hatua inayofuata, ile ya kusema kwamba kwa kuwa mlango mmoja umeoza chini, gari zima likwanguliwe kwa msasa. Kutu hutibiwa pale ilipo. Tena rangi mpya iliyopakwa juu ya puti ovyoovyo huificha kutu ikaendelea kula kwa ndani, na mwenye gari huja kuijua siku bodi inapotoboka. Wapo pia watakaosema kwamba gari ni mali ya mtu, na mwenye mali hapangiwi. Hapangiwi, kweli. Ila ana haki ya kuambiwa kilichobaki kabla ya kuamua, na kwa sasa fundi asiye na kipimo hana cha kumwambia.

Pingamizi la tatu ndilo litakalosemwa na wasomaji wengi: ya nini kuzungumzia mng'ao wa magari ya wachache wakati vijana hawana kazi? Jibu langu ni kwamba kazi ndiyo hiyo. Vifaa vya msingi ni vichache ukilinganisha na karakana ya injini, na ujuzi unaofaa kwa gari la kale unafaa vilevile kwa pikapu ya mkulima na gari la mwanariadha lililonunuliwa juzi. Anayeweza kulihudumia gari lisilostahimili kosa hata moja atayahudumia mengine kwa urahisi. Upande wa pili ni afya. Rangi nyingi za kisasa za kuchanganya na kikausho, zile ambazo mafundi huziita 2K, zina isosaneti, kemikali inayoweza kuleta pumu kwa anayeivuta bila kinga ifaayo, na rangi za zamani zikisuguliwa msasa mkavu zinaweza kutoa vumbi lenye risasi. Kitambaa kilichofungwa puani si kinga. Kila gari linalotunzwa badala ya kukwanguliwa na kupuliziwa rangi upya ni sumu iliyopunguzwa kwenye mapafu ya kijana wa jua kali.

Yanayotakiwa kufanywa hayahitaji bajeti ya kutisha. Eldoret ina taasisi za ufundi zinazojulikana, zikiwemo Eldoret National Polytechnic na Rift Valley Technical Training Institute, na nchi ina mamlaka ya mafunzo ya viwandani, NITA, inayotahini mafundi kwa madaraja. Somo la upulizaji rangi liongezewe sehemu ya kupima na kuhifadhi, na mtihani umkate alama mwanafunzi anayewasha mashine kabla ya kupima. Wanaothamini magari kwa ajili ya bima waandike unene wa rangi kwenye ripoti ya gari la kale, ili rangi ya asili ihesabiwe kuwa sehemu ya thamani. Serikali nayo itazame upya sheria ya makavazi na turathi ya mwaka 2006, ambayo huhesabu kitu kinachohamishika kuwa cha kale kikiwa kiliundwa au kuingizwa nchini kabla ya mwaka 1895. Hakuna gari lolote la Kenya litakaloufikia mwaka huo. Waziri ana uwezo wa kutangaza kitu kingine chochote chenye maana ya kihistoria kuwa kinalindwa, na magari machache yaliyokimbia Safari, yakiwa na rangi zake na makovu yake, yanastahili tangazo hilo. Mwenye gari hana haja ya kuyasubiri yote hayo. Akienda kwa fundi wiki hii aanze na swali moja: rangi iliyobaki ina maikroni ngapi? Asipopata jibu, aondoke na gari lake.