Usiniite Shujaa, Nipe Mkataba

Kila tarehe 31 Julai, Siku ya Askari wa Wanyamapori Duniani, simu yangu hujaa picha za aina moja. Kijana amesimama juu ya mwamba, jua linazama nyuma yake, viatu vina vumbi la kupendeza. Chini pameandikwa: mashujaa wetu. Mimi huizima simu. Si wivu. Niliwahi kupigwa picha kama hiyo, na vile viatu niliazimwa tu, nivivue mpiga picha akishaondoka.

Niliacha chuo nikiwa mwaka wa tatu, karo imenishinda. Nikarudi nyumbani Taita Taveta, na kiangazi kile, kuanzia Juni hadi mvua za vuli, nikapata kibarua cha skauti kwenye hifadhi moja katika ranchi zilizo kati ya Tsavo Mashariki na Tsavo Magharibi. Kwa asiyejua, skauti si askari wa KWS. Yule ana bunduki, cheo na mshahara wa serikali. Skauti ana rungu, chupa ya maji na redio ambayo betri yake ni ya kubahatisha. Kazi yetu ilikuwa kutembea, kilomita 15, siku nyingine 20, tukitafuta mitego ya waya iliyotegewa digidigi, tanuri za makaa, na nyayo za watu mahali pasipo na njia ya watu. Usiku tukiitwa, tulikwenda kufukuza ndovu kwenye mashamba kwa tochi na kelele.

Nilipangwa na mzee mmoja aliyezaliwa na kuchunga mifugo huko huko. Angeinama, aguse kinyesi cha ndovu, aseme: "Hawa wamepita kabla ya alfajiri. Wako na mtoto. Wanaenda silanga." Tukifika silanga, kweli, wako na mtoto. Mimi je? Mimi niliajiriwa kwa sababu nilijua Kiingereza na kompyuta. Kila jioni nilichukua alichokiona yeye nikakigeuza ripoti, na ripoti ikaenda kwa wafadhili ikiwa na ramani za rangi. Jina langu lilikuwemo. Lake halikuwemo. Na nilifurahia, nisijifanye mtakatifu hapa.

Mwisho wa mwezi ililetwa karatasi ya malipo, Kiingereza kitupu. Juu yake palisema kwamba sisi ni watu wa kujitolea, na tunachopokea si mshahara bali posho. Mzee, ambaye hakusoma, aliniuliza, "Kijana wangu, hii inasemaje?" Nikamjibu, "Ni ya pesa tu, Mzee. Weka kidole hapa." Akaweka. Mwezi wa pili akaweka. Wa tatu pia akaweka.

Septemba, karibu na silanga, tulikutana na nyati aliyekuwa na waya mguuni. Nyati mzima huweza kukuacha ukapita. Mwenye kidonda hana simile. Alimpiga Mzee na kumvunja paja. Tulimbeba kwenye blanketi hadi barabarani, na gari lililompeleka hospitali lilikuwa pikapu ya mtu wa matikiti aliyetuonea huruma.

Nyumbani kwake waliuza mbuzi. Nilipokwenda ofisini kuuliza bima, sikugombezwa. Nilipewa chai, nikaambiwa pole sana, kisha ile karatasi ikawekwa mezani. Mtu wa kujitolea hana bima. Kidole chake si hiki hapa? Familia ikaelekezwa serikalini, ijaze fomu za fidia ya mtu aliyejeruhiwa na mnyama.

Sasa tuzungumze sheria, maana hawa watu hupenda sana sheria inapomhusu mchoma makaa.

Sheria ya Wanyamapori ya 2013 kweli inataja fidia: shilingi milioni 5 kwa aliyeuawa, milioni 3 kwa aliyepata ulemavu wa kudumu. Lakini hiyo ni pesa ya umma. Kumtuma skauti wako huko ni kumbebesha mlipakodi mzigo wako. Sheria ya fidia kwa walioumia kazini, ya 2007, inamtaka mwajiri awe na bima ya wafanyakazi wake. Sheria ya Ajira ya mwaka huo huo inasema mkataba wa miezi mitatu au zaidi uwe wa maandishi, na kibarua aliyefanya kazi mfululizo mwezi mzima si wa kufukuzwa jioni kama aliyekuja kupakua mchanga. Tena inasema, na hapa ndipo ninapoumia, kwamba mfanyakazi asiyejua kusoma, au asiyeelewa lugha ya mkataba, ni lazima aelezwe kwa lugha anayoielewa.

Neno "kujitolea" limewekwa pale kuzikwepa sheria hizo zote kwa mpigo. Kama nina zamu, nina msimamizi, na nisipofika nakatwa pesa, hapo nimejitolea wapi?

Najua majibu yao. La kwanza, ati pesa hakuna. Lakini kiangazi kile kile ilinunuliwa ndege ndogo ya kupiga picha kutoka angani, nayo ilikuwa na bima. Bima ya ndege ipo, ya paja la mtu haipo? La pili, ati vijana wanaoitaka kazi hiyo wamejaa getini. Ni kweli, wamejaa, kwa sababu hakuna kingine. Njaa ya jirani yangu haihalalishi kunidhulumu. La tatu ndilo tamu zaidi: kazi hii ni wito. Sawa. Ualimu ni wito, uuguzi ni wito, na bado walimu na wauguzi hugoma wakidai haki yao. Wito haulipi hospitali.

Aprili 2016 nchi hii ilichoma tani 105 za pembe za ndovu katika mbuga ya Nairobi, kuuambia ulimwengu kwamba pembe haina thamani ila kwa ndovu mwenyewe. Naliunga mkono jambo hilo. Sensa ya 2021 ilihesabu ndovu 36,280 nchini, nami nafurahi wapo. Lakini hawakusalia kwa moto ule peke yake. Wapo pia kwa sababu kuna watu wanaoamka saa kumi za alfajiri kwenda kung'oa waya porini. Hao ndio tunaowapa makofi tarehe 31 Julai na karatasi ya kudanganya siku nyingine zote.

Kwa hiyo, ewe unayelipa kiingilio kwenye hifadhi hizi, uliza swali moja pale getini: maskauti wenu wana mkataba na bima? Nawe mfadhili, kabla ya kusifu ramani, itisha orodha ya bima. Na wewe kijana mwenzangu unayejua Kiingereza, uliyepewa kalamu uwaandikishe wazee, isome ile karatasi kwa sauti, yote, kabla wino haujagusa kidole cha mtu.

Mimi niliisoma nimechelewa. Desemba nilimtembelea Mzee, fimbo iko kando ya kiti, nikamtafsiria mstari kwa mstari. Alisikiliza hadi mwisho, akaniuliza, "Na wewe ulijua inasema hivyo?"

Nikamwambia, "Nilijua, Mzee."

Hakunitukana. Aliomba nimsogezee fimbo, akaingia ndani. Ndiyo maana naandika haya, na ndiyo maana mtu akiniita shujaa siitiki.