Karte inasema pori, mama anasema shamba

Wandugu wafanyakazi, na ninyi bamama mnaoshikilia nyumba wakati mshahara unachelewa: leo sitaongea juu ya prime wala juu ya masaa ya usiku. Nitaongea juu ya rangi.

Kila mara kampuni inapotaka kufungua kariyeri mpya, kupanua ile ya zamani au kujenga bwawa la mabaki, kunatokea karatasi moja kubwa yenye rangi rangi. Kijani kibichi ni msitu, kijani cha kufifia ni majani, njano ni mashamba, nyekundu ni majengo, buluu ni maji, kahawia ni ardhi tupu. Karatasi ile inaingia ndani ya uchunguzi wa athari kwa mazingira na jamii, ule unaoitwa kwa kifupi EIES, ambao sheria yetu ya madini inaudai kabla ya kazi kuanza. Kwenye mkutano watu wanaiangalia kama kalenda ya ukutani, halafu wanageuka kuuliza habari ya ajira. Ajira ni neno la haki. Lakini ukiniuliza mimi, ukurasa ule wa rangi ni wa hatari kupita kurasa zingine zote za kile kitabu, kwa sababu unaipa ardhi jina, na jina likishaandikwa, malipo na lawama vinafuata jina.

Siku hizi karte hizo hazisomwi tena Kinshasa na Lubumbashi tu. Wanaonunua kobalti yetu kwa ajili ya betri za magari wanaombwa kwao kuonyesha kwamba madini hayakuharibu udongo, maji na viumbe. Ulaya ilitoa sheria ya betri mwaka 2023, na sehemu yake inayohusu uchunguzi wa mahali madini yanapotoka imesogezwa mpaka 2027. Maana yake kuna watu mbali sana, ambao hawajakanyaga Kolwezi hata siku moja, watakaoihukumu ardhi yetu kwa kuitazama toka juu. Basi tujue macho yale yanaona nini, na yanakosa nini.

Kwanza tutenganishe mambo mawili ambayo watu wanayachanganya kila siku. Kuna kinachofunika ardhi, na kuna kazi ya ardhi. Kinachofunika ni kile jicho linachokiona: miti, majani, maji, bati za nyumba, udongo mtupu. Kazi ni kile mtu anachokifanya pale: analima, anachunga, anachimba, anazika wafu wake, anaokota uyoga. Shirika la Umoja wa Mataifa la Chakula na Kilimo, FAO, lilitoa mwaka 2000 utaratibu mzima wa kuzipanga ardhi kwa majina, ulioandikwa na Antonio Di Gregorio na Louisa Jansen, na tangu kurasa za mwanzo wanaonya kwamba vitu hivi viwili havipaswi kuwekwa ndani ya mfuko mmoja. Si jambo geni kwetu: Congo ilikuwa kati ya nchi zilizopimwa na FAO katika mradi wa Africover. Utaratibu upo, na wenye kutengeneza karte wameusoma shuleni. Shida ni kwamba sateliti inaona kinachofunika tu. Kazi, haiioni. Kuijua kazi ni lazima mtu ashuke kwenye gari, atembee, aulize.

Chukua Kasulo, pale Kolwezi. Tangu 2014, kobalti ilipoonekana chini ya nyumba, watu walichimba ndani ya parseli zao wenyewe. Toka juu unaona nini? Bati, na mabashi ya rangi yamefunika mashimo. Mashine inaandika: majengo. Haisemi uongo. Lakini chini ya yale majengo kulikuwa na mgodi, na watu wakiwa mita nyingi ndani ya udongo. Kama ungeuliza kazi ya ile ardhi, mtoto wa miaka sita angekujibu.

Sasa mashine yenyewe inafanya namna gani? Picha inakatwa vipande vidogo vya mraba. Kwa Landsat, sateliti za Wamarekani zinazopiga picha za dunia tangu 1972, kipande kimoja siku hizi kina mita 30 kila upande. Kwa Sentinel-2 ya Ulaya, iliyoanza kuruka 2015, ni mita 10. Kila kipande kinarudisha mwanga kwa namna yake: majani mabichi yanarudisha sana aina moja ya mwanga ambayo macho yetu hayaioni, maji karibu hayaurudishi kabisa. Wataalamu wanaionyesha mashine mifano, kwamba hapa ni msitu, hapa ni shamba, halafu mashine inajaza dunia nzima yenyewe. Ni kazi nzuri, siikatai. Karte ya dunia nzima ya shirika la anga la Ulaya, WorldCover ya 2021, ina majina 11 na inasema wazi kwamba usahihi wake kwa jumla ni asilimia 76.7. Hesabu mwenyewe: ukichagua mahali pa kupimia mara nne, karibu mara moja jina si lenyewe. Wao wameandika hiyo hesabu bila kuficha. Lakini je, umewahi kusikia mtu akiisoma kwa sauti kwenye mkutano wa kijiji?

Na kwetu Katanga kuna mitego ambayo mashine inaingia kwa urahisi. Wakati wa mvua mawingu yanafunika, kwa hiyo picha safi nyingi zinatoka wakati wa kiangazi. Wakati huo mahindi yamekwisha kuvunwa, shamba limebaki mabua na vumbi. Moto umepita kwenye majani. Miti mingi ya miombo imeangusha majani yake. Picha ya mwezi wa nane na picha ya mwezi wa tatu, mahali pale pale, utadhani ni nchi mbili. Shamba linakuwa ardhi tupu, mihogo ya miaka miwili inakuwa vichaka, na shamba lililopumzishwa ili udongo upate nguvu linakuwa pori.

Nilikuwa kama delege kwenye mkutano mmoja wa kupanua konsesioni, kampuni sitaitaja. Kijana wa ofisi ya uchunguzi alibandika karte ukutani. Mama mmoja, mke wa mfanyakazi wa kwetu, akasimama: «Mwanangu, mu hii karte shamba yangu iko wapi?» Kijana akatafuta, akaweka kidole: «Mama, hapa mashine inaona vichaka.» Mama akamwangalia muda mrefu. «Vichaka njo nini? Mie nilipanda mihogo pale, ingali mu bulongo.» Watu wakacheka, kijana naye akacheka, wakapita kwenye jambo lingine. Lakini katika kitabu kile neno lilibaki vichaka. Na kijana hakuwa mtu mbaya, alipewa siku chache na gari moja kwa konsesioni nzima.

Kwa nini naliona kuwa jambo zito? Soma sheria. Kifungu cha 281 cha Kode ya madini kinasema mwenye haki ya madini akichukua ardhi na kumnyima mtu matumizi yake, au akiifanya isifae tena kulimwa, analipa malipo ya haki: ama kodi ya ardhi, ama thamani yake, ikiongezwa nusu. Kifungu cha 279 kinakataza kukaa juu ya mashamba yaliyopaliliwa na kulimwa bila ruhusa ya mwenyewe. Mzuri sana. Lakini angalia neno: yaliyolimwa. Kama karte inasema mahali pale ni majani au pori, nani atakuja kutafuta mwenye shamba? Kwa haki, orodha ya kulipa inatengenezwa kwa kuhesabu shamba kwa shamba, mti kwa mti. Kwa kweli, wale wanaohesabu wanatumwa kwanza pale ambapo karte imeweka rangi ya njano. Na shamba lililopumzishwa mwaka huu ndilo litakalolisha nyumba mwaka kesho kutwa.

Halafu kuna hesabu ya ukubwa. Shamba la nusu hekta ni vipande 50 vya Sentinel-2, linaonekana vizuri. Lakini wengi wanaotengeneza karte wanaweka kipimo cha chini: kitu kidogo kuliko hekta moja, au mbili, kinamezwa na jirani yake ili karte ionekane safi. Kati ya mashamba ya bamama wetu, mangapi yanafika hekta mbili? Bustani za kwenye dembo ni mbaya zaidi. Kiangazi chote bamama wanapanda pale lengalenga na nyanya, kwa sababu maji yako karibu, na bustani moja ni hatua chache tu. Karte inaandika: majani ya mahali pa maji. Sombe na mboga unazokula na bukari yako jioni hazina rangi.

Upande wa kampuni, majina yale yale yanageuka kuwa pambo. Bwawa la mabaki ya kiwanda, lenye asidi na metali, toka juu ni maji. Mto ambao watoto wanaoga ndani yake ni maji. Rangi moja, buluu. Rambleyi ikipandwa majani inakuwa ardhi ya majani, na mstari wa mikalitusi iliyopandwa kando ya barabara ya konsesioni unahesabiwa miti sawa na miombo ya zamani, ingawa hapa huokoti masuku, huokoti uyoga, wala viwavi vya kula. Ukichapisha ripoti kwamba eneo lenye miti limeongezeka, unaweza usiwe umedanganya hata neno moja.

Kuna pia ardhi tupu ambayo jina lake linahitaji historia. Wazee wa Lubumbashi wanaijua Penga Penga. Kiwanda cha kuyeyusha shaba kilianza 1911, na upepo wa kwetu unatoka zaidi kusini-mashariki, kwa hiyo moshi wenye salfa ulikuwa unalalia upande wa kaskazini-magharibi miaka na miaka. Miti ilikufa, udongo ukaoshwa na mvua. Watu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi wameuchunguza sana ule ukanda. Mgeni akiona karte bila historia atasema: watu wa hapa wamekata miti yote. Na kuna kinyume chake, vile vilima vya shaba visivyo na miti tangu zamani za mababu, kwa sababu shaba iko nyingi mno ndani ya udongo. Pale panaota majani madogo na maua ambayo mengine hayapatikani mahali pengine duniani. Wafua shaba wa zamani walivijua vilima kwa ule upara wake. Karte ikiandika «ardhi iliyoharibika», imepoteza kitu ambacho sheria ingepaswa kukilinda.

Nisemwe vibaya nikificha upande wetu. Miombo kuzunguka Lubumbashi imerudi nyuma sana, na makala yamekula sehemu kubwa. Wachimbaji wa mikono nao wanakata miti ya kushikiza mashimo. Hilo liandikwe. Lakini liandikwe na sababu yake: laini ya umeme toka Inga mpaka Kolwezi, kilomita kama 1,700, imemalizika 1982, inapita juu ya vijiji vilivyo gizani, na mama wa kampi anapika na makala. Mashine inaona mti umeanguka. Haioni waya juu ya mti.

Jambo la mwisho linalogusa miaka mingi mbele. Karte ya mwanzo ndiyo kipimo cha mwisho. Siku mgodi unafungwa, kampuni inapaswa kurekebisha mazingira, na kuna dhamana ya fedha kwa kazi hiyo. Warekebishe mpaka wapi? Kama mwanzo iliandikwa msitu wa miombo, wanadaiwa miti. Kama iliandikwa majani yaliyochakaa, wakimwaga mbegu za majani wamemaliza deni. Hata neno msitu lina milango: kwa FAO ni nusu hekta, miti ya kufika mita 5, matawi yafunike asilimia 10, kwa kipimo cha nchi yetu ni nusu hekta, mita 3, asilimia 30. Miombo iliyokatwa kidogo inaweza kuwa msitu kwa kipimo kimoja na kukosa jina hilo kwa kingine. Kwa hiyo kipimo gani kimetumika ni swali la kuuliza mbele ya watu wote, na jibu liandikwe ndani ya prosè-verbali.

Kwa sindika, naona kazi iko hivi. Mkutano wa maoni ya watu juu ya EIES ni haki, si zawadi. Tuombe karte siku kadhaa kabla, siyo asubuhi ile ile. Tuulize picha ni ya mwezi gani, kipimo cha chini ni hekta ngapi, na nani alitembea kwa miguu kuhakikisha, vijiji vipi, akiongozana na nani. Tudai karte ya pili, ya kazi ya ardhi, pembeni ya ile ya kinachofunika, na ndani yake mashamba yaliyopumzishwa, bustani za dembo, makaburi, mahali pa uyoga na pa asali, na mabwawa ya mabaki yawe na rangi yake peke yake.

Na tusingoje waje. Simu za kawaida siku hizi zinashika alama ya mahali. Kijana mmoja kwa kila kampi anaweza kuzunguka na bamama kwenye pembe nne za kila shamba kati ya mwezi wa pili na wa tatu, mahindi yakiwa yamesimama, apige picha yenye tarehe, aandike jina la mwenye shamba, kilichopandwa mwaka huu na kilichopandwa mwaka uliopita. Nakala moja ibaki kwa shefu wa kijiji, moja kwa delege, moja kwa mwenye shamba. Mashamba yaliyopumzishwa yazungukwe pia, hata kama majani yamefika kiunoni.