Mungu na Kiambishi "a-"

Mwanafunzi mmoja wa Likoni aliniuliza, kwa woga, iwapo ni dhambi kusali huku akimwaza Mungu katika sura ya nyanya yake. Nyumbani alikwisha kukemewa.

Mimi si shehe wala padri. Kazi yangu ni isimu. Nilimtaka aitazame sarufi. Wingi wa Mungu ni miungu, mithili ya mti na miti, ilhali twasema "Mungu anapenda", kama mtu. Na hiyo "a-" haibainishi mume wala mke. Ugomvi wa wasemao Kiingereza juu ya kiwakilishi cha Mungu haujatufika. Wadigo, majirani zake, huiita mbingu mlunguni: jina la Mola limo angani.

Najua nitajibiwa kwamba Uislamu wafundisha kuwa Mungu hafanani na chochote, na Biblia yakataza sanamu. Ni kweli. Lakini Isaya, sura ya 66, amfananisha na mama afarijiye mwana. Na Rahmani na Rahimu, kwa Kiarabu, yana mzizi mmoja na neno la tumbo la uzazi. Basi walimu wenzangu, kijana aulizaye hivi twamkemea kwa lipi? Huyu wangu alisema hawezi kumwacha nyanya. Ndiye aliyemfundisha kusali.