Kumwona mwanasaikolojia si wazimu

Tamka neno mwanasaikolojia mbele ya majirani nawe utaulizwa papo hapo: "Kwani nani amerukwa na akili?" Wengi wetu tusikiapo habari za akili, mawazo hutupeleka moja kwa moja hadi Mathari, hospitali ya Nairobi iliyoanza kupokea wagonjwa wa akili mwaka 1910. Kwa hofu hiyo, mume na mke huweza kukaa mwaka mzima katika nyumba ya vyumba viwili wakizungumza kupitia kwa watoto: "Mwambie baba yako chakula kiko mezani."

Zamani mzozo kama huo ulipelekwa kwa shangazi, kwa babu au kwa wasimamizi wa arusi. Hao bado wana kazi yao. Hata hivyo, mjini shangazi yuko mbali, na shemeji akiitwa kusikiliza hutaka kwanza kujua mkosa ni nani. Mwanasaikolojia hana ukoo na upande wowote, wala hakai pale kutoa hukumu.

Ni vyema kwanza tutofautishe watu wawili. Daktari wa magonjwa ya akili alisomea udaktari kisha akabobea katika fani hiyo, naye huandika dawa. Mwanasaikolojia wa kliniki amesomea mienendo na maradhi ya nafsi, naye hutibu kwa mazungumzo na mazoezi. Mara nyingi hawa wawili hupelekeana wagonjwa.

Siku ya kwanza hutalazwa kitandani wala kudungwa sindano. Utaketi kitini kwa muda usiozidi saa moja, huku ukiulizwa unavyolala, unavyokula, kazi inavyokwenda, kama unakunywa pombe na kiasi gani, na kama katika ukoo wenu kuna aliyewahi kuugua. Kisha mtaelewana ni nini hasa unachotaka kibadilike.

Chukua mfano wa mwanafunzi wa chuo aliyeanguka mtihani mmoja na sasa hatoki bwenini. Moyoni amejiambia, "Mimi ni bure kabisa, karo ya wazazi imepotea." Atatakiwa aliandike wazo hilo, kisha aandike ushahidi unaolikubali na ule unaolikataa. Je, mitihani aliyopita ni mingapi? Halafu atapewa kazi ndogo ya kufanya, kama vile kuhudhuria somo moja kabla ya kurudi wiki ijayo. Njia hii ilianzishwa na Aaron Beck wa Marekani katika miaka ya 1960, na imejaribiwa katika nchi nyingi.

Kwa wanandoa, mambo huwa mazito zaidi. Tuseme ugomvi ni wa pesa ambazo mume humtumia mamake mashambani kila mwisho wa mwezi. Mke husema, "Mama yako ni bora kuliko watoto wako." Mume hununa, akaenda zake baa. Mwanasaikolojia atamtaka mmoja aseme na mwenzake arudie alichosikia, kabla ya kujibu. Aghalabu hapo ndipo hugunduliwa kwamba mke anaogopa kufungiwa nyumba kwa kukosa kodi, naye mume anaogopa kuitwa mwana aliyemtupa mamake. Hofu hizo mbili zaweza kukaa meza moja zikapangiwa bajeti. Matusi hayawezi.

John Gottman, mtafiti wa Marekani aliyechunguza wanandoa kwa miaka mingi, alitaja tabia nne zinazobomoa nyumba: kumshutumu mwenzako utu wake badala ya kosa lake, dharau, kujitetea kila mara, na kununa ukakataa kusema. Alisema dharau ndiyo mbaya kupita zote. Msomaji, jipime mwenyewe.

Hata hivyo, palipo na kipigo, si busara kukimbilia kuketi wote wawili pamoja. Mke anayepigwa hawezi kusema ukweli mbele ya anayempiga, kisha arudi naye nyumbani usiku. Usalama huja kwanza, naye mtaalamu mwema atataka kumwona kila mmoja peke yake.

Je, siri zako zitafika sokoni? Hapana. Lakini siri hiyo ina mipaka, nawe unapaswa kuelezwa siku ya kwanza: maisha yako au ya mwingine yakiwa hatarini, mtoto akiwa anadhulumiwa, au mahakama ikiamuru. Wanandoa nao waulize mapema jambo moja: je, nikikwambia neno nikiwa peke yangu, utamficha mwenzangu?

Kuna waliokuwa wakinyamaza kwa kuogopa polisi, kwa sababu kujaribu kujiua kulikuwa kosa la jinai nchini. Januari 2025 Mahakama Kuu iliamua kwamba kifungu hicho, cha 226, kinakiuka Katiba. Basi mwenye mawazo hayo asisite kusema, na asingoje siku ya miadi. Aende hospitali iliyo karibu au amwite mtu wa kukaa naye.

Jihadhari na matapeli pia. Sheria ya mwaka 2014 inamtaka kila mshauri nasaha na mwanasaikolojia asajiliwe na bodi yake na awe na cheti cha kufanyia kazi. Mwombe akuonyeshe. Anayekuahidi kwamba mumeo atarudi kwa siku tatu si mwanasaikolojia. Uliza ada kabla ya kuketi, na kama ni nzito, uliza katika hospitali za umma. Wanafunzi waulize chuoni mwao, kwani vyuo vingi vina ofisi ya ushauri.

Tukiumwa na jino hatuoni haya kwenda kwa daktari wa meno. Moyo nao huuma, na uchungu wake huwafikia hata watoto wanaotumwa na ujumbe baina ya baba na mama. Mficha maradhi, kifo humuumbua.