Moto ikizima asubuhi, tusikimbilie karbirateri

Ni asubuhi ya soko. Magunia ya mpunga yameisha kupakiwa kwenye moto ya koperative, ile ya magurudumu matatu. Moteri inashika, inanguruma kidogo, inazima. Tunawasha tena, inazima tena. Kisha mmoja anasema: "Karbirateri imekufa, mwite mekanisien." Mimi naona tunakosea hapo, na kosa hilo linakula feza yetu wote.

Moteri ikiwa baridi, esanse haigeuki mvuke vizuri. Ndiyo maana inahitaji esanse nyingi kidogo na hewa kidogo, na starteri iko kwa kazi hiyo. Kule Fizi-centre, mlimani, baridi ya asubuhi inazidi ya Baraka, kwa hiyo starteri inahitajika zaidi. Wengine hawaivuti kabisa. Wengine wanairudisha mara tu moteri ikishika, nayo inazima. Ngojeni kidogo, irudisheni polepole. Lakini msiisahau pia: ikibaki imevutwa, bujii inakuwa nyeusi na esanse inaisha bure.

Ikiwa bado inazima, tuangalie esanse. Tunainunua barabarani, katika machupa na mabidoni, na maji yanaingia kwa urahisi, zaidi wakati wa mvua. Mimina kidogo kwenye chupa nyeupe, iache itulie. Maji ni mazito kuliko esanse, utayaona chini. Yakiwemo, toeni esanse yote ya tanki, na mfungue ile vise ya chini ya karbirateri, uchafu utoke. Moteri iwe imepoa, na mtu wa sigara akae mbali.

Halafu bujii: isafishwe, au ibadilishwe. Halafu filtre ya hewa, maana vumbi la kiangazi linaiziba. Hayo yote yakishindikana, sasa mekanisien aitwe, na nafasi yake ni ya heshima.

Ila akitaka tu kupandisha ralanti, mkatalie. Moteri haitazima tena asubuhi, ni kweli, lakini ugonjwa unabaki umefichwa, na mchana mtakunywesha esanse moto iliyosimama.

Najua mtaniambia: "Agronome, wewe shughulika na mihogo." Lakini mbegu ikichelewa kufika shambani, mvua haitatungojea. Na mama aliyeamka usiku kufunga magunia yake, akikosa soko, hasara ni yake, hapana ya dereva.

Shida yetu kubwa haiko ndani ya moteri. Kitu cha wote kinakosa baba. Leo dereva huyu, kesho yule, na hakuna anayejua bujii ilibadilishwa lini. Naomba kila koperative ichague mtu mmoja wa kuchunga moto, impe daftari ya kuandika esanse, mafuta na matengenezo, na iweke bujii moja ya akiba. Kwenye mkutano ujao, daftari hiyo isomwe mbele ya wote, sawa vile tunavyosoma ya feza.