Mzazi, bangi na swali ambalo kliniki haiulizi

Tukizungumzia bangi hapa Pwani, mazungumzo huwa ni ya vijana wa kiume: maskani, misokoto, polisi. Mama anayenyonyesha hatajwi, kwa kuwa kumtaja ni aibu. Lakini yupo. Kina mama wenyewe hunong'onezana kwamba fulani "anavuta kidogo tu apate usingizi."

Tuutazame huo usingizi, maana ndio sababu inayotolewa. Mzazi wa zamani alikuwa na arobaini yake. Alikandwa kwa maji ya moto, akapikiwa uji wa pilipili manga, na usiku palikuwa na mtu wa kumpokea mtoto. Leo mzazi wa Kisauni au Likoni aghalabu yuko chumba cha kupanga, mamake yuko mbali, mume yuko kazini usiku au ameenda Ghuba. Sheria inampa mwajiriwa likizo ya uzazi ya miezi 3, lakini anayekaanga viazi karai barazani hana wa kumpa likizo. Kwa mtu kama huyu msokoto ni rahisi kuupata kuliko daktari. Na ile nafuu ya saa mbili ipo kweli, sitaikana.

Ila THC, ile kemikali inayolevya, hushikamana na mafuta, na maziwa ya mama yana mafuta. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2018 uliikuta ndani ya maziwa hadi siku 6 baada ya mama kuitumia. Kwa hivyo anayesema atavuta mtoto akilala, na kufikia alfajiri itakuwa imetoka, hesabu yake si sahihi. Kula biskuti yenye bangi badala ya kuvuta hakubadilishi jambo hilo. Pia moshi ndani ya chumba huongeza hatari ya mtoto mchanga kufa ghafla usingizini, na mama aliyelewa hapaswi kulala naye kitanda kimoja.

Hata hivyo, mimi namhofia zaidi mama. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba katika nchi zinazoendelea, karibu mzazi 1 kati ya 5 hupatwa na maradhi ya akili baada ya kujifungua, hasa huzuni nzito. Bangi huifunika huzuni hiyo. Watu wa nyumbani humwona ametulia, wakasema amepoa, kumbe anazama. Aliyezoea kuvuta kila siku akiacha ghafla, usingizi humpaa na hasira humpanda, naye huamini ugonjwa umerudi na dawa yake ni kuvuta tena. Na wapo wachache, 1 au 2 katika kila wazazi 1,000, wanaoingiwa na wazimu wa uzazi: wanasikia sauti, wanamshuku mtoto wao. Sisi husema ni jini. Sina ugomvi na kisomo, asomewe, lakini afikishwe hospitali siku hiyo hiyo.

Wiki ya 6, ya 10 na ya 14 mama humpeleka mtoto chanjo. Mtoto hupimwa uzani, hudungwa sindano, kijitabu kikaandikwa. Mama mara nyingi haulizwi analalaje. Na akiulizwa habari ya bangi atakana, kwa sababu sheria ya mwaka 1994 inamfanya mhalifu hata kwa msokoto wa kuvuta mwenyewe, na anahofia kunyang'anywa mtoto. Nesi anayeanza kwa kufoka hapati jibu la kweli. Aanze na hali ya mama. Habari ya bangi itajitokeza yenyewe, na hapo atamshauri namna ya kuacha na jinsi ya kuendelea kumlisha mtoto.

Chombo cha kuulizia kipo tangu 1987: maswali 10 yaliyotungwa Edinburgh, yanayojibiwa kwa dakika chache. Wahamasishaji wa afya ya jamii waliozinduliwa Septemba 2023 hubisha milango yetu wakiwa na kipimo cha presha na cha sukari mkobani. Kaunti zetu 6 zinaweza kuwaongezea karatasi hiyo moja. Swali lake la kwanza ni iwapo mama, katika siku 7 zilizopita, ameweza kucheka.